Safari ya Miguu Penye Mashimo ya Vito

Asafiriye kutoka Nairobi kwenda Mombasa hupita Voi upesi, na atupapo macho upande wa kusini haoni ila miiba, udongo mwekundu, na mlima wa Kasigau uliosimama peke yake nyikani. Huamua moyoni ya kuwa nchi ile haina kitu. Amekosea, kwa maana chini ya udongo ule mna vito vilivyovaliwa shingoni na vidoleni mwa matajiri wa New York na London, na mashimo vilimotolewa yangaliko hata leo.

Kundi la watu litakalo kuyatazama mashimo hayo kwa siku moja hapana budi lianze alfajiri, kabla jua halijawa kali. Kwanza litake idhini ya mwenye ardhi na kumpasha habari chifu, kwa sababu sehemu kubwa ya nyika ile ni ya ranchi, na mahali pengine pana wachimbaji wenye vibali. Pili, lipate kiongozi mwenyeji, kwani tembo hupita katika ranchi hizo wakitoka Tsavo Mashariki kwenda Tsavo Magharibi. Tatu, kila mtu achukue maji ya kumtosha kutwa, avae viatu vigumu, na asitie mkono chini ya jiwe asiloona chini yake, maana moma hupenda kivuli kama watu.

Wakiisha kutembea kitambo wataona vifusi vya mawe meusi yang'aayo. Weusi huo ni grafiti, madini yale yale yatumiwayo katika kalamu za risasi. Ndani ya miamba ya namna hiyo mchimbaji hutafuta mabonge ya mawe mfano wa viazi, na akibahatika huvunja bonge akaona kijani kibichi kama majani ya masika. Hicho ndicho kito kiitwacho tsavoraiti. Hakihitaji kuchomwa moto ili kipendeze, bali huvunjikavunjika ardhini, hata kito kisafi kizidicho karati 2 ni adimu.

Mtu aliyekifanya kijulikane ni Campbell Bridges, mjuzi wa miamba aliyezaliwa Scotland. Alikiona mwaka 1967 kaskazini mwa Tanzania. Alipokosa njia ya kuendelea huko alifuata miamba ya namna ile ile mpaka akavuka mpaka, akakipata tena Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Husimuliwa ya kuwa alikaa katika nyumba iliyojengwa juu ya mti kwa kuogopa wanyama. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya Marekani ilikitangaza kito hicho kwa jina lililotokana na Tsavo. Miaka hiyo hiyo wataalamu wengine, mmoja wao John Saul, waligundua yakuti nyekundu huko Mangari. Mwaka 1974 Saul alifukuzwa nchini kwa ajili ya ugomvi juu ya mgodi huo, lakini mpaka leo mgodi unaitwa kwa jina lake.

Msomaji asidhani ya kuwa habari hizi ni za fahari tupu. Tarehe 11 Agosti 2009 Bridges mwenyewe aliuawa na kundi la watu karibu na Voi, katika ugomvi juu ya haki ya kuchimba. Na kabla ya vito kujulikana, wenyeji wa Kasigau walikuwa wamekwisha onja uchungu wa kuondolewa katika ardhi yao: mwaka 1915, wakati wa vita, serikali ya Kiingereza iliwahamisha mpaka Malindi kwa kuwashuku kuwa waliwasaidia Wajerumani, na wengi wao wakafa ugenini. Watu wenye kumbukumbu kama hiyo hawawezi kulaumiwa wakiuliza kila mgeni mwenye sururu amepewa ruhusa na nani.

Swali hilo sasa lina jibu katika sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yampa mchimbaji mdogo wa Kenya njia ya kupata kibali chake mwenyewe, nayo yaamuru mrabaha ugawanywe: sehemu 70 katika 100 ziende kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Lakini sheria haimfai mtu asiyeijua. Kijana ashukaye shimoni bila kibali, akauza jiwe kwa dalali bila kulipima wala kuandikiana, hana pa kushtaki akidhulumiwa, na ukuta wa shimo ukimwangukia watoto wake hawana pa kudai.

Jioni, kundi likirudi Voi na vumbi miguuni, litakuwa limeona ya kuwa shimo lililoachwa wazi halina faida tena ila kumeza mbuzi na watoto wa jirani. Lenye kudumu ni lile lililonunuliwa kwa bei ya jiwe: ada ya shule, bati la nyumba, ng'ombe wa maziwa. Wazee walikwisha sema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi achimbaye vito na aanze kwa kalamu ndipo ashike sururu.