Kitabu Kisicho na Msahihishaji

Mwulize mjuzi yeyote wa kompyuta kijana wa Tunduma aanze kujifunza nini ili awe mtengeneza programu. Atajibu papo hapo: programu za simu, au tovuti. Programu ya kompyuta ya mezani, ile yenye dirisha lake, vitufe vyake na faili lake la data, wengi wanaihesabu kuwa mambo ya 1998, mwaka ambao Microsoft ilitoa Visual Basic 6. Na kujifunza peke yako kwa kitabu, kopi iliyofungwa spairo pale steshenari, huonekana ni njia ya aliyekosa ada ya chuo.

Ushauri huo, kwa maoni yangu, umekosea kuhusu kompyuta. Kuhusu kitabu umekaribia ukweli, ila kwa sababu tofauti na zile zinazotajwa.

Tunduma inaishi kwa malori. Shehena ya bandari ya Dar es Salaam inayokwenda Zambia na Katanga inapita hapa, na shaba inarudi kwa njia hiyo hiyo. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Nyaraka za forodha zinapita kwenye TANCIS, mfumo wa TRA ulioanza kutumika 2014, na hakuna kijana atakayeandika mbadala wake chumbani, wala hatakiwi kujaribu. Ila mfumo wa serikali unaujua mzigo, ofisi ya wakala hauijui. Haujui kwamba dereva ameachiwa fedha ya kujikimu, kwamba lori limelipiwa maegesho siku nne, kwamba mteja wa Lubumbashi amelipa nusu kwa dola na nusu kwa kwacha, wala deni lililobaki anadaiwa nani. Hayo yamo kwenye daftari la kaunta, au kwenye faili la Excel linaloeleweka na mtu mmoja tu, na huyo akiacha kazi ofisi nzima inaanza kukisia.

Madukani ni vivyo hivyo. Mashine ya EFD, iliyoingia nchini 2010, inaijulisha TRA kilichouzwa. Mwenye duka la vipuri haimwambii kimebaki nini stoo. Huko Mbozi, karani wa chama cha msingi anayepima kahawa mbivu ya wakulima msimu mzima ana mahesabu yake ya malipo ya awali, mbolea ya mkopo na makato, na mengi huyapiga kwa kikokotoo.

Kazi za namna hii zinataka kibodi, printa iliyo jirani, na programu isiyongoja intaneti. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi ikasuasua. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Faili la data la SQLite lililomo kwenye diski ya ofisi lisingehisi lolote. Lina maradhi yake, nakubali: kirusi kutoka kwenye flashi, laptopu iliyoibwa, mtu aliyefuta bila kujua. Lakini hayo yana dawa iliyo mikononi mwa ofisi yenyewe, na waya uliokatika chini ya bahari hauna.

Sasa kitabu. Kina mema yanayosahaulika. Umeme ukikatika kinasomeka. Hakili bando kama video. Kina mpangilio, sura ya tatu ikitegemea ya pili, tofauti na vipande vya mafunzo vya kuokoteza mitandaoni ambavyo kila kimoja kinajidai ndicho mwanzo. Hata uzee wake si dosari kubwa kiasi kinachodaiwa. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Visual Basic 6 bado zinafunguka kwenye Windows za leo. Anayetaka chombo cha bure cha kuandikia programu anacho Lazarus, kinachofuata nyayo za Delphi na kisichohitaji kompyuta yenye nguvu. Wazo lililomo ndani ni lile lile la miaka ya tisini, mtumiaji anabonyeza, programu inajibu. Tena Lazarus inakwenda hadi kwenye Linux, jambo lenye uzito tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 na kuziacha kompyuta nyingi za mtumba zikiwa haziwezi kupokea Windows 11.

Kiingereza ndicho kisingizio kinachotajwa sana. Kweli, mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili na kuvuka kidato cha nne kwa shida atababaika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na ulikuwa mwanzo mzuri. Ila ujumbe wa makosa ambao kompyuta humrushia mwandika programu umebaki wa Kiingereza hadi leo. Hata hivyo Kiingereza cha vitabu hivi ni chembamba. Maneno ni yale yale sura hadi sura, na msomaji mvumilivu huyazoea. Sioni kwamba hapo ndipo wengi wanapokwama.

Wanakwama kwenye mazoezi. Kitabu kinamwambia msomaji atengeneze kikokotoo, kisha orodha ya alama za wanafunzi, kisha duka la kukodisha filamu linalouza kwa dola na senti. Anavitengeneza, vinafanya kazi, na hakuna mtu duniani anayevihitaji. Akimaliza sura ya mwisho ana programu sita na hana hata mtu mmoja wa kumwambia ya ngapi ina kasoro.

Chukua fedha, kitu ambacho kila kitabu hukigusa. Mwandishi anasema tunza kiasi kwenye namba yenye desimali, basi, anasonga mbele. Aina ya namba ambayo wanaoanza huichagua bila kufikiri haiwezi kuhifadhi 0.1 kwa ukamilifu, na ukijumlisha 0.1 na 0.2 hupati 0.3 kamili. Kwenye zoezi huoni kitu. Kwenye kaunta yenye maelfu ya miamala ya kwacha, ngwee zinaweza kuanza kupotea, na mwenye duka akikuta salio halilingani na droo atairudia kalamu siku hiyo hiyo. Dawa ipo, aina ya namba iliyotengenezwa kwa ajili ya fedha, na katika vitabu vingi imepewa aya moja ambayo msomaji asiyejua uzito wake huiruka.

Kisha kiwango cha kubadilisha fedha. Msomaji wa kitabu atakiweka mahali pamoja, kwenye ukurasa wa mipangilio. Kwacha ikipanda kesho naye akakibadilisha, madeni yote ya mwezi uliopita yanabadilika nayo, kwa sababu kila muamala ulipaswa kubeba kiwango cha siku yake. Tena Januari 1, 2013 Zambia iliondoa sufuri tatu kwenye fedha yake, na noti ya 50,000 nafasi yake ikachukuliwa na ya 50. Programu ya mpakani iliyotunza kiasi bila kutunza ni kwacha ipi ingeamka mwaka mpya na wadaiwa walioongezewa deni mara elfu. Mambo haya huyapati katika sura yoyote ya kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya msomaji wa Ulaya. Karani wa Tunduma atakwambia kabla chai haijapoa.

Kujisomea si jambo geni nchini. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha masomo kwa njia ya posta tangu miaka ya 1970: kijitabu kinakufikia kijijini, unafanya zoezi, unalituma, linarudi na wino mwekundu. Mtahiniwa wa kujitegemea naye ana tarehe ya mtihani na ana NECTA ya kumsahihisha. Kizazi hiki kimerithi kijitabu, wino mwekundu kikauacha posta. Chuo kinao, bila shaka. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka mpakani, na anayeweza kwenda aende, kwa kuwa ajira ya serikali inadai cheti na kitabu hakitoi cheti. Mwenye duka haulizi cheti. Anauliza kama utakuja printa ikigoma.

Kwa hiyo swali la umma si kama kitabu kinafaa. Ni nani atamkutanisha msomaji wa kitabu na karani anayejua kosa liko wapi. Njia ya kuanzia ipo kisheria: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vikundi vya vijana. Kikundi cha vijana watano wa Tunduma au Vwawa kingeweza kukopa laptopu mbili na printa ya risiti, na kila mwanakikundi akakaa katika ofisi moja ya uwakala, duka au chama cha msingi kwa msimu mzima, kitabu kikiwa mkobani.

Hatari yake ni marejesho. Programu inaweza kuchukua miezi kabla ya kuingiza shilingi, na afisa maendeleo ya jamii atataka fedha yake kwa ratiba. Ndiyo maana ningeuegemeza mkopo huo kwenye steshenari ya kawaida, yaani kuchapa, kutoa kopi na kufunga spairo, ili kopi zilipe deni wakati programu inakomaa. Kikundi kinachoahidi kulipa kwa mauzo ya programu tangu mwezi wa pili kinyimwe, kwa heri yake. Na kabla kijana hajagusa kompyuta ya mtu, mkataba uandikwe: data ni ya ofisi, programu ni ya aliyeitengeneza, na nakala rudufu inakaa mahali ambapo wote wawili wanaweza kuifikia bila kuombana.