Ukumbi Mdogo, Mambo ya Wakubwa

Mtu wa Nkoma, huku kwetu, akisikia kwamba toleo zima limetengwa kwa ajili ya vikaragosi vinavyoimba, tena kwa watu wazima, tena katika chumba cha watu wasiofika mia, atauliza kama wahariri tumekosa kazi. Vikaragosi ni vya watoto, atasema. Sisi tunaona dhana hiyo ni ngeni Usukumani kuliko vikaragosi vyenyewe.

Vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, vinashindana tangu karne ya 19. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayejaza watu upande wake. Sauti ya manju peke yake haitoshi, ndiyo maana wachezaji huja na chatu, na fisi, na sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa. Walengwa wa sanamu hizo walikuwa watu wazima waliotoka kuvuna na sasa wanachagua pa kusimama. Kwingineko Tanzania, Hans Cory alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu sanamu za udongo za jando na unyago, zikiwemo za Wazigua na Washambaa: sanamu ina wimbo wake, na wimbo una fundisho lake kwa anayeingia utu uzima.

Baadaye ikaja miradi. Nchini Kenya, miaka ya 1990, vikaragosi vilitumika kuzungumzia UKIMWI kwa sababu vinaweza kutamka yanayomfunga mtu mdomo. Kazi ilikuwa njema, ila ilituachia mazoea mabaya ya kudai kila igizo limalizike kwa ujumbe. Mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyavunja mazoea hayo mwaka 2009 kwa The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi vya kuwakejeli wanasiasa, lakini ilikuwa runinga, na ilikuwa Nairobi. Kwa nini mtoto wa Dar alilazimika kuwacheka wanasiasa akiwa ng'ambo ya mpaka, tunawaachia wasomaji.

Kuhusu udogo wa ukumbi, tazameni safari ya Avenue Q. Igizo hilo la muziki la vikaragosi lilianzia ukumbi mdogo wa Vineyard, New York, mwaka 2003, likapanda Broadway, likatwaa tuzo ya Tony mwaka 2004. Broadway lilikaa miaka sita. Mwaka 2009 likashuka tena kwenye ukumbi mdogo, na huko likadumu karibu miaka kumi. Linamhusu kijana mwenye digrii asiye na kazi, anayetafuta chumba ambacho kodi yake ataimudu. Kijana huyo Bariadi hahitaji kutambulishwa. Wachezeshaji hawajifichi. Kikaragosi hakikunji uso, kwa hiyo huzuni yake yote iko kwenye kiganja kilichoinama kidogo, shingo ikashuka, wimbo ukachelewa kuanza. Aliye mita ishirini hayaoni hayo. Uwanja wa ngoma unadai sanamu kubwa na kejeli kwa wapinzani, na sisi tunaupenda, lakini hauna nafasi ya kunong'ona.

Kuna mambo yanayohitaji kunong'onwa. Usukumani bibi wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, wakaitwa wachawi, ilhali wekundu ule ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Nani ataigiza nafasi ya bibi huyo kijijini kwake, kisha kesho akachote maji na wenzake? Kikaragosi kinaweza. Macho yake yamepakwa rangi mchana kweupe, kila mtu ameona kopo, na bado kikigeuka polepole kuimba kuhusu kuni mbichi, chumba kitatulia. Onyesho likiisha kinarudi sandukuni, na hakuna wa kumwendea usiku. Tunataka pia bibi huyo aimbe matani, amtukane mkwe, akumbuke wapenzi wake wa ujana. Bibi wa kuhurumiwa tu atakuwa bango la mradi.

Jengo si kikwazo. Ghala la chama cha msingi, pamba ikishaondolewa, au darasa jioni, linatosha. Mwaka 1982 mwanatamthiliya Penina Muhando Mlama na wenzake walikwenda Malya, wilayani Kwimba, wakatengeneza maigizo pamoja na wanakijiji kwa ngoma zao, wakagusa hata mimba za wasichana wa shule. Hawakungoja jukwaa lenye pazia. Tungetaka sasa manju apewe kazi ya kutunga kabla mwandishi wa tamthiliya hajaitwa, maana manju amezoea kushindwa hadharani watu wakimhama, na mwandishi hajazoea.

Na kiingilio kiwepo, hata shilingi 500. Mikutano ya bure imetuzoesha kukaa tukiulizana posho ni saa ngapi.