Mpira wa Kisamvu si Gugu

Mwaka jana nilipewa kijitabu cha kilimo nikifasiri kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kawaida: kurasa chache, malipo kidogo, haraka nyingi. Ndani yake mlikuwa na sura fupi juu ya mimea ya mwituni iliyo ya ukoo mmoja na mazao tunayoyala, nami nikaiita, bila ya kusita, "jamaa wa mazao walio mwituni". Kijitabu kilipochapwa, jamaa wale hawakuwamo. Pahala pao paliandikwa "magugu na miti pori isiyo na faida". Nilipouliza, nikajibiwa kwamba mkulima hafahamu ujamaa wa miti. Anachofahamu ni gugu.

Jawabu hiyo nimeitafuna kwa miezi na haijateremka. Anayekiita kitu gugu amekwisha kukihukumu. Kilichobaki ni kutafuta panga.

Kwanza, si kweli kwamba mkulima hafahamu. Visiwani humu tunao mti tuuitao mpira. Simaanishi ule wa mashamba makubwa unaogemwa utomvu. Nasema ule wa uani, wenye majani yaliyochanika mfano wa vidole, ambao mtu akiuona kwa mbali hudhani ni muhogo uliosahauliwa hata ukawa mti. Majani yake huchumwa, yakatwangwa kinuni, yakapikwa kwa tui la nazi, na chakula hicho kinaitwa kisamvu cha mpira. Kisamvu, wasomaji wangu, ni jani la muhogo. Bibi aliyelichukua jina la jani la muhogo akalipa jani la mpira alikwisha kuuona udugu wao, kwa macho na kwa ulimi, wala hakungoja kijitabu. Wataalamu wa mimea wanasema yale yale kwa Kilatini: muhogo ni Manihot esculenta, mpira ni Manihot glaziovii, na wote wawili kwao ni Amerika ya Kusini.

Wajerumani waliupanda mpira huu kwa wingi Tanganyika kwa ajili ya utomvu. Mwaka 1913 bei ikaporomoka, kwani mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa umeyajaa masoko, na wenye mashamba wakautelekeza. Kwa hesabu ya hao walionisahihisha, tangu siku ile ulikuwa mti pori usio na faida, na haki yake ilikuwa shoka.

Laiti wangelipewa shoka hilo. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walikuwa wakihangaika na maradhi mawili ya muhogo. Moja ni batobato, inayoyakunja majani na kuyatia mabaka. La pili ni michirizi ya kahawia, ambayo uovu wake ni kwamba shina laweza kusimama lina majani ya kupendeza, mkulima akachimba kwa furaha, akakuta muhogo umeharibika ndani kwa madoa makavu ya kahawia, haufai kwa kuchemshwa wala kwa unga. Katika mihogo yenyewe kinga ya kutosha haikupatikana. Ndipo wakauendea mpira. Wakauchavusha na muhogo. Mtoto aliyezaliwa alikuwa na nguvu za kustahimili maradhi, lakini mizizi yake haikuwa ya kuliwa. Wakamrudisha kwa muhogo, na mjukuu naye wakamrudisha, na kitukuu, hadi mizizi ikanenepa na kinga ikabakia.

Kazi hiyo iliendelezwa na D. L. Jennings katika miaka ya 1950. Mbegu zikapelekwa Nigeria, na kuanzia miaka ya 1970 S. K. Hahn na wenziwe wa taasisi ya IITA, Ibadan, wakajenga juu ya uzao huo. Batobato kali ilipoifagia mihogo ya Uganda, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, miongoni mwa mbegu zilizowarejeshea watu chakula chao zilikuwamo zile za Ibadan zenye damu ya mpira. Watu wa Ikire huko Nigeria walimtawaza Hahn kuwa Seriki Agbe, mfalme wa wakulima. Sina ugomvi na heshima ile. Mti wenyewe haukupewa hata jina jema katika kijitabu cha kurasa chache.

Uko na muhogo uitwao Namikonga, kusini mwa Tanzania, ambao pwani ya Kenya huitwa Kaleso. Watafiti wa leo wanaukimbilia kwa kuwa unaistahimili michirizi ya kahawia, na asili yake imeonekana kuwa ni katika uzao wa Amani. Nani aliutunza miongo yote hiyo? Wakulima, kwa kukata vipande vya shina na kuvipanda tena kila msimu; hao hao wanaosemwa kwamba hawafahamu.

Najua nitakavyojibiwa: mbegu zimehifadhiwa majokofuni, nawe mshairi unalilia nini? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 uliwatazama jamaa 1,076 wa mazao 81, ukakuta 313 kati yao hawana hata mbegu moja katika ghala za dunia. Fauka ya hayo, mbegu iliyogandishwa hubaki vile vile ilivyokuwa siku ya kugandishwa, ilhali mti ulio nje huzaa watoto, na watoto hao hupambana na ukame wa leo na maradhi ya leo. Maradhi hayangoji. Michirizi ya kahawia ilihesabiwa zamani kuwa ni balaa la pwani na nyanda za chini. Tangu mwaka 2004 imeonekana Uganda ikienea hata juu ya mita 1,000.

Sisemi kila mmea uachwe kila pahala. Mpunga mwitu wa Afrika ukiingia kondeni huwa ni adui, na mwenye konde anayeung'oa simlaumu. Lakini ni katika mpunga mwitu huo huo, uliotoka Mali, ndimo ilimopatikana kinga dhidi ya bakteria wanaoyakausha majani ya mpunga, na chembe ya urithi yenye kinga hiyo ikatengwa California mwaka 1995. Aung'oe kondeni, kinamasi kilicho kando kisifukiwe chote.

Nasi wa kurasa hizi tuna letu la kujibu. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mlango mmoja wa kuchongwa ukiuzwa tunapiga kelele, na ni haki yetu. Viwanja vinakatwa mashamba, mipira ya uani inaangushwa ili gari la mchanga lipite, na sikumbuki kuisoma hata tungo moja juu yake. Mimi mwenyewe sijaitunga.

Kijitabu kile, nasikia, kitachapwa tena. Sitaki malipo mengine. Nataka neno langu lirejeshwe, jamaa, na chini yake ichorwe picha ya mpira wa uani pamoja na kinu.