MAZUNGUMZO YA JUMA: Kompyuta ya Chama na Mkalimani Wake

Juma hili nataka kuwasimulia habari ya kompyuta moja ya hapa Ushirombo, iliyotunyima usingizi mwishoni mwa mwaka 2025. Nanyi msiopenda mambo ya mashine msigeuze ukurasa upesi, maana habari yenyewe ni ya fedha.

Chama chetu cha kuweka na kukopa si kikubwa. Tumo wakulima wa mpunga na mahindi, akina mama wauza dagaa, na vijana wachache waendao machimboni na kurudi. Hesabu zetu tulizitia katika kompyuta iliyokwisha tumika, tuliyoinunua Kahama, yenye programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows. Basi siku moja flashi ilipelekwa dukani kupigisha karatasi, ikarudi na virusi. Kesho yake kompyuta ilikataa kuwaka sawasawa. Kioo cheusi, maandishi meupe, basi.

Tukamwita fundi mmoja, jina lake silitaji. Aliitazama kwa muda wa kunywa chai, akasema, "Hii imekwisha. Windows 10 imekufa, na Windows 11 haiikubali mashine hii. Nunueni mpya." Bei aliyoitaja ilikuwa ya ng'ombe wawili.

Mama mweka hazina akamwuliza, "Na hesabu zetu je, baba?"

Fundi akainua mabega.

Sasa ndugu zangu, fundi yule alisema kweli nusu. Ni kweli kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuipa Windows 10 matengenezo yake ya kawaida. Lakini kuacha kutengenezewa si kufa. Ni kama nyumba ambayo mwenye kufuli amesema hatakuja tena kulitengeneza likilegea: nyumba ingali imesimama, ila mwizi akigundua njia, njia hiyo hubaki wazi. Ni kweli pia kwamba Windows 11 hudai vifaa fulani vya usalama ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Yasiyo kweli ni kwamba hapakuwa na njia nyingine.

Nina mpwa wangu asomaye Mwanza. Nilimpigia simu, naye akaja kwa basi Jumamosi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, msinunue kitu, wala msifute kitu."

Akachomeka flashi yenye Linux, akaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi ile bila kuigusa diski ya ndani. Labda wengine hamjui: Linux ni msimamizi wa kompyuta kama Windows alivyo msimamizi, yaani mfumo endeshi. Kiini chake kilianzwa mwaka 1991 na kijana wa Finland, Linus Torvalds, nacho hutolewa bure kwa halali, si kwa kuvunja kufuli la mtu. Kioo kikawaka. Mafaili yetu yote yalikuwamo ndani ya diski, mazima. Akayanakili katika flashi mbili, moja akampa mama mweka hazina aifunge kwenye kitambaa. Usiku ule mama yule alikula chakula chake akamaliza.

Yafaa niseme hapa kwa sauti kubwa kidogo: kazi ile ya kunakili ilichukua chini ya saa moja, na fundi wetu hakuitaja kabisa.

Baada ya hapo kijana akaweka Linux ndani ya kompyuta yenyewe, nayo ikatembea upesi kuliko mwanzo. Lakini tukakwama mahali pengine. Hesabu tunazo, ila programu ya kuzifungua ilijua Windows tu. Kuibofya ndani ya Linux ni kumsemesha mgeni wa pwani kwa Kisumbwa: atakutazama, atatabasamu, hatafanya kitu.

Ndipo akaniambia habari za Wine. Kwa Kiingereza jina hilo ni sawa na divai, nami nilicheka, lakini ni kifupisho cha maneno yasemayo kwamba programu hii si ya kuigiza mashine nyingine. Ni mkalimani. Fikirini Msumbwa amekwenda barazani ambako mzee wa baraza anajua Kiswahili tu. Si lazima Msumbwa ajifunze Kiswahili usiku mmoja, wala mzee ajengewe baraza jingine. Huketi mtu kati yao. Programu ya Windows husema, "Nifungulie faili hili," Wine hupokea neno lile na kulipeleka kwa Linux kwa lugha yake. Husema, "Nichoree dirisha," nalo huchorwa. Programu haijui kwamba imo ugenini. Hata diski C yake huiona, kumbe ni folda tu iliyofichwa, iitwayo drive_c.

Mkalimani huyu hakuzaliwa jana. Kazi ya Wine ilianza mwaka 1993. Tangu 1994 imeongozwa na Alexandre Julliard, na toleo lililoitwa la 1.0 lilitoka Juni 2008. Miaka 15! Ni kwa sababu maneno ya Windows ni maelfu, na mengine hayakuandikwa wazi popote, ikabidi watu wayakisie kwa kutazama programu zinavyotenda.

Iko njia nyingine, ya kujenga kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta, na kuiweka Windows nzima humo. Hiyo huelewana na programu nyingi zaidi, lakini hula kumbukumbu, na mashine yetu ina GB 4 tu. Tukaiacha. Na wenye kompyuta mpya za Apple, zilizoanza kutoka mwaka 2020 na vichakataji vya aina nyingine, wana kazi mara mbili, maana kwao hata lugha ya kichakataji chenyewe yapaswa kutafsiriwa.

Basi Jumapili alasiri tukaketi. Mara ya kwanza programu ilifunguka ikafunga. Mara ya pili ilidai herufi ambazo hazikuwamo, kijana akaziongeza. Mara ya tatu, dirisha likatokea, na majina yetu yote yakashuka moja moja. Tukachukua vijitabu vya wanachama, tukalinganisha mstari kwa mstari mpaka taa ikawashwa. Vyote vililingana, isipokuwa cha kwangu mwenyewe, ambacho nilisahau kuandikisha marejesho ya Septemba. Akina mama walicheka sana.

Lakini nisiwadanganye. Kupiga chapa hakukufaulu. Kila karatasi ilitoka safu ya mwisho imekatwa, na safu hiyo ndiyo ya salio! Kijana akajaribu mpaka saa tano usiku, akachoka. Tena akatuonya kwamba Wine si uzio: programu mbovu ya Windows iliyofunguliwa humo yaweza kuyafikia mafaili yako na kuyaharibu. Flashi za dukani zingali za kuogopwa.

Tukakata shauri hivi. Programu ya zamani hufunguliwa kwa Wine tunapotaka kutazama hesabu za nyuma tu. Hesabu mpya tumezihamishia katika LibreOffice, ambayo ni ya bure na huenda kwa Linux na Windows vilevile. Mizizi yake ni OpenOffice, ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kazi iliyoitwa Kilinux, kiliitolea toleo la Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo. Karatasi zinatoka kamili, na salio lake.

Ng'ombe wawili wangali zizini kwa wenyewe. Mama mweka hazina naye bado anaandika kila kitu katika daftari la wino, kila Jumamosi, kabla kompyuta haijawashwa. Sikumkataza.