MGAO WA MASKINI SI FADHILA YA MKUBWA



Kila inapogawiwa mifuko ya mchele hutokea watu wa kutuambia: "Mnapewa, na bado mnanung'unika!" Sisi tunasema kuwa dhulma yote imo ndani ya neno hilo moja, "mnapewa". Na ili tusiambiwe kuwa tunasema kwa chuki za mtaani, tutatoa mfano wa nchi ya mbali ambayo imeifanya kazi hii ya kugawa nafaka kwa watu wengi sana, nayo ni India.

Wala India si mbali hivyo. Tarehe 20 Julai, 2023, Serikali yake ilikataza kupeleka nje mchele mweupe usiokuwa wa basmati, ikasema inataka chakula kiwatoshe watu wake kwanza na bei itulie, na katazo hilo halikuondolewa mpaka Septemba, 2024. Sisi watu wa visiwa, ambao sufuria zetu hungojea meli, hatuna haja ya kufundishwa maana ya khabari kama ile.

Basi tuwatazame wenyewe kwao. Mwaka 2001 ghala za Serikali ya India zilikuwa na nafaka zaidi ya tani milioni 40, nyingine ikioza, na huku Rajasthan imepigwa na ukame na watu wana njaa. Jee, walikwenda kumbusu mtu mkono? Hasha! Chama cha kutetea haki za raia, People's Union for Civil Liberties, kiliishitaki Serikali mbele ya Mahakama ya Juu, kikasema kuwa haki ya kuishi haina maana ikiwa mtu hana haki ya kula. Kesi ile ilikwenda miaka, na amri za Mahakama zikawa zinaibana Serikali moja baada ya nyingine, mpaka mwaka 2013 ikapitishwa sheria. Kwa sheria hiyo kila mtu aliyeandikwa hupata kilo 5 za nafaka kwa mwezi, na nyumba zilizo maskini kabisa kilo 35. Bei iliwekwa rupia 3 kwa kilo ya mchele, rupia 2 kwa ngano, na rupia 1 kwa uwele na mfano wake; na tangu Januari, 2023 hutolewa bure. Watu wanaohusika ni kiasi cha milioni 800. Kadi huandikwa kwa jina la mwanamke mkubwa wa nyumba, si la bwana wake. Orodha za waliostahiki lazima ziwekwe wazi, na nafaka isipotolewa sheria inasema mtu alipwe fedha badala yake.

Hayo ndiyo tunayoyaita haki: kitu ambacho ukinyimwa unapo pa kushitaki.

Sasa watakuja wajuzi watuambie kuwa huko India mgao umeibiwa sana. Ni kweli, na sisi wenye maduka tunajua sababu yake kuliko mawaziri. Mchele mmoja ukiwa na bei mbili, huku rupia 3 na sokoni mara nyingi zaidi ya hizo, basi gunia lenyewe litajitafutia mlango wa nyuma. Atapunja mwenye duka, atapunja mwenye gari, na karani ataandika majina ya watu ambao hawapo. Wataalamu Jean Drèze na Reetika Khera walikisia kuwa mwaka 2004-05 zaidi ya nusu ya nafaka haikufika kwa wenyewe, na mwaka 2011-12 bado ilikuwa kiasi cha asilimia 42.

Lakini jimbo la Chhattisgarh halikusema "basi tufunge". Mwaka 2004 liliyatoa maduka ya mgao katika mikono ya watu binafsi, likayatia katika mikono ya mabaraza ya vijiji, vyama vya ushirika na vikundi vya wanawake. Magari ya nafaka yakapakwa rangi ya manjano ili kila mtu njiani ayajue, na mzigo ukafikishwa mpaka mlangoni mwa duka. Wizi ukapungua sana. Inatuwia uchungu kuyasema haya sisi wafanya biashara, lakini duka la mtu mmoja likipewa mali ya umma bila ya jicho la mtaa juu yake, mizani yake haitasimama sawa.

Ziko na dawa zilizozidi ugonjwa. Katika jimbo la Jharkhand, mwaka 2017, kadi nyingi zilifutwa kwa kuwa hazikufungamanishwa na kitambulisho cha Aadhaar. Mtoto wa kike wa miaka 11 akafa, na mama yake akasema amekufa kwa njaa baada ya nyumba yao kukatiwa mgao; wakubwa wakasema ni malaria. Sisi twauliza: hata ikiwa ni malaria, nani aliyempa karani uwezo wa kuizima kadi ya nyumba kama hiyo bila ya kubisha hodi?

Na uko ugonjwa mwengine ambao tunaujua kwa sura yake. Mwezi wa Septemba, 2022, Waziri wa Fedha, Bibi Nirmala Sitharaman, alitembelea duka la mgao katika jimbo la Telangana, akamkaripia mkuu wa wilaya mbele ya watu. Kwa nini? Mizani mbovu? Mchele una wadudu? La! Ni kwa kuwa picha ya Waziri Mkuu haikutundikwa! Nchi yenye sheria, yenye Mahakama, na bado mkubwa anataka sura yake isimame baina ya maskini na kilo zake 5, kana kwamba rupia zile zilitoka mfukoni mwake.

Ikiwa huko yamekuwa hivyo, itakuwaje pahala ambapo hakuna sheria ya mgao? Kwa hiyo, ndugu zetu wa Unguja na Pemba, likifika gari la mchele katika shehia yenu pokeeni, kwani ni mali yenu. Kisha ulizeni kwa adabu orodha ya majina imebandikwa ukuta gani, nani aliyeiandika, kila nyumba imeandikiwa kilo ngapi, na aliyeachwa ashitaki kwa nani asiyekuwa yule yule aliyemwacha. Na mtu akikuuliza kadi ya chama kabla ya kukupimia, liandikeni jina lake na siku yenyewe, mtuletee.