Kapalata: Kukaza resori hadi mwisho si dawa ya barabara mbovu

KAPALATA, Kisangani – Wamotari wengi wa Kapalata wanajua dawa moja tu ya resori za nyuma: zikilala, zikazwe. Fundi anachukua ufunguo wenye ndoano, anazungusha pete ya amortisa hadi ngazi ya mwisho, na kazi imekwisha. Pikipiki inainuka nyuma, inaonekana kama imetoka dukani jana. Kesho yake inarudi barabarani na abiria wawili na mfuko wa mchele, na tangu siku hiyo pete ile haiguswi tena mpaka amortisa ife.

Huo si ufundi. Ni mazoea mabaya, na wa kwanza kuumia ni motari mwenyewe, kisha abiria wake. Lazima isemwe wazi, kwa sababu ajali ikitokea kila mtu ananyoosha kidole upande mmoja: barabara. Barabara ni mbovu, hakuna anayebisha. Lakini ubovu wa barabara ni sababu ya kuitunza amortisa, si ruhusa ya kuiua.

Amortisa ya nyuma ina vitu viwili vyenye kazi mbili tofauti. Resori, ule waya mnene uliozungushwa nje, inabeba uzito. Ndani kuna bomba lenye mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Hiyo inatuliza resori isirukeruke. Ile pete ya chini yenye ngazi, ambazo kwa pikipiki nyingi za teksi ni tano, haiongezi nguvu ya resori hata kidogo. Waya unabaki ule ule. Pete inaubana tu kabla ya mzigo kuja, ili pikipiki iliyobeba isikae chini mno. Ndiyo maana kiwanda kiliweka ngazi tano na si moja: ya kwanza au ya pili kwa dereva peke yake, ya katikati akiwa na abiria, ya juu kwa mzigo mzito. Pande zote mbili ziwe ngazi moja. Ni kazi ya dakika mbili, na ufunguo wake mara nyingi huuzwa pamoja na pikipiki. Uko wapi leo? Wengi hawajui hata kama waliwahi kuuona.

Pete ikibaki juu kabisa na dereva yuko peke yake, gurudumu la nyuma halifuati tena shimo. Linaruka. Gurudumu lililo hewani halishiki breki. Kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua, na Boyoma mvua haina likizo, hapo ndipo pikipiki inateleza upande na motari anasema "barabara imenitupa". Na kila pigo ambalo resori imekataa kulimeza linapanda kwenye fremu, kwenye kiti, hadi kwenye kiuno. Motari wa miaka ishirini na mitano anayeamka akishika mgongo kama mzee hajarogwa na mtu.

Wengine wanabisha: barabara ngumu inataka resori ngumu. Wale wanaopenda mashindano ya magari waangalie Safari Rally ya Kenya. Ilianza 1953, na 2021 ilirudi katika mashindano ya dunia, kule Naivasha, ambako Sébastien Ogier alishinda na Toyota. Kwa mawe na mashimo ya kule, mafundi wa timu kubwa hawakazi gari kama ubao. Wanaliinua, wanalilainisha kuliko lile la lami, wanaliachia gurudumu nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kisha kazi ya kutuliza wanaiachia amortisa yenye mafuta mazuri. Gari gumu ni la uwanja laini. Kama watu wenye pesa na kompyuta wanafanya hivyo, fundi wa Kapalata anayekaza hadi mwisho amejifunza wapi?

Kukaza pete, hata hivyo, ni kosa dogo. Yapo makubwa zaidi. Amortisa ikianza kuvuja, wengine wanaifungua na kuijaza mafuta ya injini, tena yale mazito. Mafuta hayo hayapiti vizuri kwenye vitundu vidogo. Gurudumu likishuka kwenye shimo la kwanza, halijarudi bado, la pili limefika, na la tatu, mpaka pikipiki inakaa chini kabisa na kugonga chuma kwa chuma. Wengine wanachomeka vipande vya mpira wa tairi kuukuu katikati ya resori. Hapo resori haifanyi kazi tena, imekuwa gogo. Baada ya muda spoki zinakatika, rimu inapinda, fremu inapasuka pale ilipochomelewa. Halafu motari analia kwamba pikipiki za siku hizi ni za karatasi.

Na kuna wanaonunua amortisa moja kwa sababu pesa ya mbili haipo. Upande mmoja mpya, mwingine umekufa: mkono wa nyuma unajipinda, na kwenye kona pikipiki inavuta upande kama mbuzi anayekataa kamba. Amortisa hununuliwa mbili. Kabla ya kulipa, motari apime urefu wa ile ya zamani, toka tundu la bulonge la juu hadi la chini, alinganishe na mpya. Iliyo ndefu kupita inabadilisha namna pikipiki inavyosimama na mkazo wa mnyororo. Fupi inaiachia tairi iguse madigadi. Zile zenye chupa ya rangi pembeni, zinazoitwa za gesi, zisinunuliwe kwa macho. Chupa ya kweli ina kazi: gesi inazuia mafuta yasifanye povu yanapopata joto. Lakini sokoni zipo ambazo chupa ni pambo tu, ndani hakuna kitu.

Kipimo cha kujua amortisa nzima hakihitaji fundi. Motari asukume mkia wa pikipiki chini kwa nguvu, kisha auache. Ukipanda mara moja na kutulia, ni nzima. Ukicheza mara mbili, tatu, mafuta yamekwisha. Fimbo yake inayong'aa ikiwa na mafuta na vumbi limeshikamana, inavuja. Na akikaa juu yake peke yake, mkia ushuke kidogo, kati ya robo na theluthi ya nafasi yake yote. Usiposhuka kabisa, umekazwa mno.

Sasa hesabu ambayo hakuna anayetaka kuifanya. Pikipiki hizi za 125, kitabu chake huandika mzigo wote, pamoja na dereva, karibu kilo 130 hadi 150. Dereva wa kilo 65, abiria wawili wa kilo 60 kila mmoja, mfuko wa mchele wa kilo 25: jumla kilo 210. Hakuna ngazi ya sita kwenye pete ya kubeba hizo zilizozidi.

Motari atajibu kwamba jioni mwenye pikipiki anangoja pesa yake, na abiria mmoja hatoshi. Ni kweli, na hapo lawama inahama. Mwenye pikipiki anayepokea pesa kila jioni lakini anamwachia kijana gharama ya amortisa, huyo ndiye anayekaza resori kwa mkono wa mwingine. Mali ni yake, amortisa iwe juu yake.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya makosa ya mafundi. Tangu 2008 nchi ina mfuko wa kutunza barabara, FONER, unaolishwa na makato kwenye kila lita ya mafuta. Maana yake motari anayeweka lita mbili asubuhi amelipia barabara kabla ya kupata mteja wa kwanza. Barabara za miji na mifereji yake ni kazi ya OVD. Mfereji ukiziba, maji yanapita katikati ya barabara, na shimo la Aprili linakuwa bwawa la Oktoba. Aliyelipa ana haki ya kuuliza.

Lakini kungoja barabara ndipo resori zitunzwe ni kujidanganya. Wakati wa vita, mafuta yalipokosekana, mji huu ulibebwa na toleka, baiskeli zisizo na amortisa yoyote, na wengi wa vijana wale walibaki na migongo yao ya maumivu. Pikipiki ilikuja na kifaa cha kuondoa mateso hayo. Leo kifaa hicho kinageuzwa chuma kigumu kwa makusudi. Na anayekaa nyuma mara nyingi ni mama mwenye mimba ya miezi minane anayewahi hospitali, kwa sababu gari la wagonjwa halifiki kwake.

Vyama vya wamotari vinajua kukusanya michango na kuuza jile. Viweke basi, katika kila kituo cha Kapalata, ufunguo mmoja wenye ndoano na mtu mmoja anayejua kuutumia. Na abiria wa pili anayetaka kupanda nyuma ya wa kwanza ajue kwamba anaweza kungoja pikipiki nyingine.