Anayekagua Msimbo Si Adui

Wahenga walinena kuwa nyani haoni kundule. Methali hii yatufaa sana sisi tunaojifunza kuandika programu za kompyuta. Mwanafunzi akiona programu yake imefanya kazi, kwake mambo yamekwisha. Mwenzake akimwambia kuwa mtindo wa msimbo wake una kasoro, huja juu: "Kwani yakuhusu nini? Si inafanya kazi?" Kwa maoni yangu, swali la haki ni jingine: inafanya kazi wapi?

Kompyuta si za aina moja. Kuna za Windows, za Linux na za Mac, nazo hazishughulikii faili kwa njia moja. Katika Linux, "Alama.txt" na "alama.txt" ni faili mbili, katika Windows, kwa kawaida, jina ni lile lile. Linux na Mac hutenganisha majina ya folda kwa mkwaju, ilhali Windows hutumia mkwaju wa kinyume. Sababu ni kwamba MS-DOS ya 1981 ilikuwa imekwisha kuupa mkwaju kazi nyingine. Folda zilipoletwa katika toleo la 2.0 mwaka wa 1983, ikabidi itafutwe alama tofauti.

Hata mwisho wa mstari una mila zake. Windows huweka namba 13 na 10. Linux na Mac za siku hizi huweka 10 peke yake. Sasa tazama hatari. Mtu akiandika programu ya kuhifadhi picha kwa lugha ya C, akaifungua faili kana kwamba ni ya maandishi, kwenye Linux hapatatokea neno. Akiipeleka kwenye Windows, kila penye 10 patachomekwa 13 mbele yake, na picha itaharibika. Kosa lote ni herufi moja, "b", iliyokosekana katika agizo la kufungua faili! Waliobuni picha za PNG waliijua hatari hii. Mwanzoni mwa kila faili waliweka namba 13, 10, 26 na 10 makusudi, ili uharibifu ugunduliwe mapema.

Mwandishi hawezi kuliona kosa hilo kwenye mashine yake. Mkaguzi ndiye atakayeliona, mradi msimbo uwe na mpangilio. Tofauti za mashine zikitapakaa, huku "kama ni Windows", kule "kama ni Linux", nani atajua ipi imesahauliwa? Zikusanywe mahali pamoja, na kila moja iandikiwe maelezo mafupi ya kwa nini ipo. Mikwaju nayo tusiibandike kwa mkono. Python, kwa mfano, ina pathlib ya kazi hiyo tangu toleo la 3.4 la 2014.

Hata hivyo, wakaguzi nao wasijifanye malaika. Wengine huhesabu nafasi mwanzoni mwa mistari na kuipita ile "b" iliyokosekana. Huko ni kufagia ua huku paa linavuja! Dawa ni kukubaliana mapema juu ya mwongozo, kama ule wa PEP 8 ambao watu wa Python wanao tangu 2001, ili ubishi wa nafasi uishe.

Aidha, tusichanganye mapambo na marekebisho. Kihariri kikibadilisha miisho ya mistari, faili ya mistari elfu moja huonekana imebadilika yote, kumbe kilichorekebishwa ni mistari mitatu. Mkaguzi atachoka na kusema, "Haya, sawa tu." Hapo ukaguzi umekufa. Kila kazi iletwe peke yake.

Najua wapo watakaosema kuwa haya yote yatatuchelewesha. Lakini haraka haraka haina baraka. Dakika kumi za kukaguliwa ni nafuu kuliko kupoteza faili za mtu ambaye hata hujui anatumia mashine gani. Nawaomba walimu wetu watutengee muda wa kubadilishana kazi kabla ya kusahihishwa. Nanyi wanafunzi wenzangu, mkionyeshwa ufa, msinune. Uzibeni, msije mkajenga ukuta.